Nukta za kwantamu: punje zinazong'aa, sayansi ya matabaka na machicha ya chai ya Kericho na Bomet

Chai ya Kericho na Bomet haifiki Pwani ndani ya kikombe peke yake. Huteremka kwa malori hadi maghala ya Mombasa, ikapigwa mnada, ikapakiwa melini na kwenda zake Pakistan, Misri, Uingereza na kwengineko. Wachukuzi, madereva, makarani wa ghala, waonjaji na mawakala wa mnada wanakula kwa jani hilo. Kwa hivyo habari yoyote inayogusa thamani ya jani la chai ni habari ya Pwani pia.

Habari yenyewe ni hii. Katika miaka ya karibuni, wanasayansi wa nchi kadhaa wametumia majani ya chai, na hata machicha yanayobaki baada ya chai kuchemshwa, kutengeneza punje ndogo mno zinazotoa mwanga. Punje hizo huitwa nukta za kwantamu. Nyengine hukatwa kutoka kwa madini yenye matabaka, kama grafiti ya kalamu ya risasi. Makala hii inaeleza ni kitu gani, zinatengenezwaje, zinafaa kwa kazi gani na wapi panahitaji tahadhari. Tahadhari ni muhimu, kwa sababu habari kama hizi zikishaingia kwenye simu hugeuka haraka zikawa "chai inatibu saratani", jambo ambalo halijathibitishwa.

Nukta ya kwantamu ni nini?

Ni punje ya kitu kigumu yenye upana wa nanomita chache tu, kwa kawaida kati ya 2 na 10. Nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Unywele wa binadamu una unene wa karibu nanomita 80,000. Kwa mfano mwengine, nukta hii ukiilinganisha na mpira wa kandanda ni kama kuulinganisha mpira huo na dunia nzima.

Udogo huo unabadilisha tabia ya kitu. Ukikata kipande cha shaba mara mbili, kila nusu hubaki na rangi ile ile. Lakini ukifika kwenye nanomita chache, rangi huanza kufuata ukubwa. Sababu ni kwamba elektroni zilizomo ndani ya punje zimebanwa, hazina nafasi ya kutembea zitakavyo. Fikiria ngoma zetu: chapuo, kwa kuwa ni ndogo, hutoa sauti kali na nyembamba, na vumi hutoa sauti nzito. Nukta nazo ni hivyo hivyo. Ukizimulika kwa mwanga wa urujuanimno, kama ule wa taa ya kukagulia noti madukani, zilizo ndogo kabisa hung'aa rangi ya buluu, za wastani hung'aa kijani, na kubwa zaidi hung'aa nyekundu.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Alexei Ekimov aliiona mwaka 1981 katika kioo chenye punje za kloridi ya shaba, akiwa katika Muungano wa Kisovieti. Louis Brus wa Marekani aliiona mwaka 1983 kwa punje zinazoelea kwenye majimaji. Mwaka 1993 Moungi Bawendi, aliyezaliwa Paris kwa baba Mtunisia, alipata yeye na wenzake njia ya kuzitengeneza zikiwa na ukubwa unaolingana. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023.

Nukta za mwanzo zilizoingia sokoni zilitengenezwa kwa kadimiamu, metali yenye sumu. Ndizo zilizofungua mlango wa televisheni zenye rangi kali tunazoziona madukani, ingawa siku hizi viwanda vingi vya skrini vimehamia kwenye nukta zisizo na metali hiyo. Utafutaji wa kitu kisicho na kadimiamu ndio pia uliowapeleka watafiti kwenye kaboni na madini ya matabaka.

Matabaka ni kama chapati

Chapati ya kusukuma ikipikwa vizuri hubambuka tabaka kwa tabaka. Kuna madini yenye tabia hiyo hiyo. Ndani ya kila tabaka atomi zimeshikana kwa nguvu, lakini tabaka moja na jingine zimegusana tu. Grafiti ni mfano wa kila siku: unapoandika kwa kalamu ya risasi, matabaka yake ndiyo yanayobambuka na kubaki kwenye karatasi.

Mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walitumia utepe wa kubandikia kubambua grafiti hadi wakapata tabaka moja lenye unene wa atomi moja. Tabaka hilo huitwa grafini. Waliipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2010. Grafini ina nguvu na hupitisha umeme vizuri sana, lakini kwa kawaida haing'ai. Ikikatwa vipande vya nanomita chache, elektroni zake hubanwa na hapo huanza kutoa mwanga. Vipande hivyo ndivyo nukta za kwantamu za grafini.

Grafini ina ndugu zake. Molibdeni disulfaidi, ambayo mafundi wa magari huijua ndani ya grisi nyeusi, nayo ina matabaka, na tabaka moja pekee hung'aa kuliko rundo la matabaka mengi. Maksini, jamii ya vitu iliyogunduliwa mwaka 2011 katika Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, hupatikana kwa kuyeyusha safu za alumini zilizo katikati ya safu za metali nyengine na kaboni. Ile inayotumika zaidi ni ya titaniamu na kaboni. Zote hizi zimekatwakatwa hadi kuwa nukta.

Malighafi za jamii hii si ngeni kwetu. Grafiti iko Mahenge, mkoani Morogoro, na huchimbwa Balama, kaskazini mwa Msumbiji. Madini ya titaniamu yalichimbwa Kwale na kupakiwa melini Likoni kwa takriban miaka kumi, hadi uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024. Yaliondoka yakiwa mchanga.

Njia mbili za kuzitengeneza

Njia ya kwanza ni kuanza na kikubwa na kukipunguza. Grafiti hulowekwa kwenye asidi kali na kemikali nyengine ili matabaka yaachane, kisha vipande hukatwa kwa joto, kwa mawimbi ya sauti au kwa umeme. Njia hii hutoa nukta zenye mpangilio mzuri wa matabaka, lakini huacha maji machafu yenye asidi ambayo lazima yasafishwe.

Njia ya pili ni kuanza na kidogo na kukijenga. Kitu chochote chenye kaboni, kama sukari, maganda ya matunda au majani, hutiwa maji na kufungwa ndani ya chombo cha chuma kinachohimili shinikizo, kisha hupashwa joto la takriban nyuzi 180 hadi 200 kwa saa kadhaa. Ni kama sufuria ya presha ya jikoni, ila joto lake ni kali zaidi. Ndani humo molekuli huvunjika, hupoteza maji na kushikana upya zikawa punje ndogo za kaboni. Baadaye majimaji huchujwa kwa vichujio vyembamba ili kutenga nukta na mabaki mengine.

Hapa pana jambo la kufahamu. Nukta za kaboni zilizopikwa kwa mimea si lazima ziwe grafini. Nyengine zina kiini chenye matabaka yaliyojipanga, na nyengine ni kaboni iliyojivuruga tu iliyozungukwa na vikundi vya oksijeni na naitrojeni. Zote huweza kung'aa, mara nyingi rangi ya buluu, na rangi hiyo hutokana si na ukubwa pekee bali pia na vile vikundi vya nje. Kwa hivyo mtu akikuambia amepata "grafini ya chai", haki yako ni kumuuliza ameipima vipi.

Chai inaingia wapi?

Jani la chai lina nyuzi za selulosi na lignini, lina polifenoli kwa wingi, lina kafeini, na lina asidi amino iitwayo thianini. Selulosi na polifenoli huleta kaboni. Kafeini na thianini huleta naitrojeni, na naitrojeni ikiingia kwenye nukta ya kaboni mara nyingi huifanya ing'ae zaidi. Ndiyo maana chai imewavutia watafiti, hasa wa India na China, nchi zenye chai nyingi na maabara nyingi.

Sisi chai tunayo. Kenya huvuna zaidi ya kilo milioni 500 za chai kwa mwaka, na ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa chai nyeusi duniani. Kericho na Bomet ni moyo wa chai ya magharibi ya Bonde la Ufa. Mashamba makubwa yalianzishwa huko miaka ya 1920, na wakulima wadogo hupeleka majani mabichi kwenye viwanda kama Litein, Kapkatet, Momul, Tegat, Mogogosiek na Kapkoros. Inahitajika kama kilo 4 hadi 5 za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu. Katika kazi hiyo hubaki nyuzi, vumbi na vijiti visivyofaa sokoni. Kericho pia hutengenezwa dondoo za chai, yaani chai iliyokamuliwa ladha na rangi yake, na kila inapokamuliwa hubaki machicha mengi.

Kwa nukta za kaboni, mabaki hayo ni malighafi sawa na jani zuri. Nukta haijali kama chai ilikuwa ya daraja la kwanza au la mwisho.

Zinafaa kwa kazi gani?

Kupima maji na chakula. Hii ndiyo kazi iliyo karibu zaidi na maisha yetu. Nukta nyingi za kaboni hung'aa zikiwa peke yake, lakini zikikutana na metali fulani mwanga wao hufifia. Kadiri metali inavyozidi, ndivyo mwanga unavyopungua. Chuma ndicho kilichofanyiwa majaribio mengi zaidi, na watafiti wameonyesha pia njia za kugundua zebaki, risasi, shaba na mabaki ya dawa za wadudu. Kifaa kinachohitajika kwa kipimo cha namna hii ni chepesi: tone la nukta, taa ya urujuanimno na kamera.

Mombasa inajua gharama ya kuchelewa kupima. Mtaa wa Owino Uhuru, Mikindani, uliathiriwa na risasi iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Watu walidhurika, watoto miongoni mwao. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, baada ya miaka ya kupigania haki. Kipimo cha bei nafuu kisingezuia kiwanda kuchafua, lakini jamii yenye uwezo wa kupima maji na udongo wake mapema haingojei mwengine aje kuiambia kwamba inadhurika.

Kwa wakulima wa Kericho na Bomet, kupima ni biashara pia. Umoja wa Ulaya huweka viwango vikali vya mabaki kwenye chai. Kwa mfano anthrakwinoni, ambayo inaweza kuingia kwenye chai kupitia moshi wa kuni za kukaushia, haitakiwi kuzidi miligramu 0.02 kwa kilo. Shehena ikikataliwa bandarini ng'ambo, hasara hurudi hadi kwa mchumaji.

Picha za ndani ya mwili. Nukta zikiingia kwenye seli huweza kuonekana chini ya hadubini, na hivyo kumsaidia mtafiti kufuata seli au dawa inakokwenda. Hii ni kazi ya maabara, bado si ya hospitali.

Nishati na usafishaji. Nukta za molibdeni disulfaidi na za maksini hufanyiwa majaribio kama vichocheo vya kutenga haidrojeni kutoka kwa maji, na kama viungo vya betri na paneli za jua. Nyengine hutumiwa kuvunja rangi za viwandani ndani ya maji machafu zikipigwa na mwanga.

Wino wa siri. Kwa kuwa hung'aa chini ya taa maalumu tu, nukta huweza kutiwa kwenye wino wa kuthibitisha kwamba bidhaa ni halisi. Chai ya Kenya huchanganywa na chai nyengine na kuuzwa kwa majina ya watu wengine, kwa hivyo alama isiyoigika kwa urahisi si jambo dogo.

Vipi kuhusu saratani?

Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Swansea, Wales, wakishirikiana na vyuo viwili vya India, walitangaza kwamba wametumia dondoo ya majani ya chai kutengeneza nukta za kwantamu, na kwamba nukta hizo ziliingia kwenye seli za saratani ya mapafu na kuzuia ukuaji wake kwa hadi asilimia 80. Habari hiyo ilienea duniani.

Yapo mambo matatu ambayo vichwa vya habari havikuyakazia. Kwanza, nukta zenyewe hazikuwa za kaboni ya chai. Zilikuwa za kadimiamu na salfa. Dondoo ya chai ilichanganywa na salfeti ya kadimiamu na salfaidi ya sodiamu, na kazi ya chai ilikuwa kusaidia punje zijiunde bila kemikali kali zaidi. Pili, majaribio yalifanywa kwenye seli zilizooteshwa maabara, si kwa mgonjwa. Vitu vingi huua seli za saratani kwenye sahani, na vichache sana hufika kuwa dawa. Tatu, kadimiamu hudhuru figo na mifupa, na yenyewe husababisha saratani.

Kwa hivyo kunywa chai, hata vikombe kumi kwa siku, hakukupi nukta za kwantamu mwilini. Na mtu akikuuzia chupa ya "nukta za chai" kama tiba, anakuuzia uwongo. Mgonjwa wa saratani anayeacha matibabu kwa ajili ya chupa kama hiyo hupoteza muda ambao haurudi.

Mipaka na hatari

Nukta za kaboni huonekana kuwa salama kuliko za kadimiamu, lakini kuonekana salama si kuthibitishwa salama. Punje zenye ukubwa huo huweza kupenya mahali ambapo vumbi la kawaida halifiki, na athari zake za muda mrefu kwa mwili, samaki na udongo bado zinachunguzwa.

Tatizo la pili ni kulingana. Chai ya msimu wa mvua si sawa na ya kiangazi, na jani la nyanda za juu si sawa na la chini. Malighafi ikibadilika, nukta hubadilika, na kipimo kinachofifia leo kwa kiwango fulani cha risasi huenda kesho kikafifia tofauti. Tena mwanga huweza kufifia kwa sababu ya metali isiyotafutwa. Ndiyo maana kipimo cha nukta kwa sasa ni cha kuchuja: kinaweza kuonyesha ni kisima gani kinahitaji kupelekwa maabara. Hakichukui nafasi ya maabara yenyewe.

Tatu, kiasi kinachohitajika ni kidogo. Nukta hutumika kwa miligramu. Hakuna maabara itakayonunua malori ya machicha, na mkulima asiahidiwe kwamba taka ya chai itakuwa bonasi ya pili.

Faida itabaki wapi?

Hapa ndipo penye uzito. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969. Tangu wakati huo sehemu kubwa ya chai ya Afrika Mashariki imepita hapa ikiwa kwenye magunia, kwa wingi, na kuongezwa thamani kwengine. Chai ya magharibi ya Bonde la Ufa mara nyingi hupata bei ya chini kuliko ya maeneo ya Mlima Kenya, na kila msimu wa bonasi wakulima wa Kericho na Bomet huuliza kwa nini. Miaka ya karibuni tumeona hata maghala ya Mombasa yakijaa chai iliyokosa mnunuzi.

Tusipoangalia, hadithi ya nukta itakuwa hiyo hiyo. Machicha yatakuwa yetu, hataza itakuwa ya wengine, na kipimo tutakinunua kwa dola. Kwale imekwisha kutuonyesha mchanga wa titaniamu unavyoondoka.

Lakini safari hii kinachohitajika si mgodi wala bandari mpya. Ni chombo cha kupikia kwa shinikizo, vichujio, mashine ya kusoma mwanga na wakemia wanaolipwa. Taasisi ya Utafiti wa Chai iko Kericho na imekuwa ikichunguza kemia ya jani hili kwa miongo mingi. Ndiyo iliyotoa aina ya chai ya zambarau mwaka 2011. Chuo Kikuu cha Kabianga kiko jirani yake. Pwani tuna Chuo Kikuu cha Pwani na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, tuna visima vya kupima, na tuna maghala ambamo chai nyingi hupita kabla ya kusafirishwa. Bara wana jani, Pwani tuna lango. Kazi ya pamoja ya kupima risasi visimani na mabaki ya dawa kwenye magunia ya chai ni ndogo kwa gharama na kubwa kwa manufaa, na hataza yake inaweza kuandikishwa hapa hapa nchini.

Wahenga walisema vyaelea vyaundwa. Meli zinazobeba chai yetu ziliundwa na watu waliojifunza kuunda. Basi habari ya nukta za chai ikikufikia tena, uliza maswali manne: Nukta hizo zimetengenezwa kwa kaboni au kwa kadimiamu? Zimejaribiwa kwenye nini: maji, seli, mnyama au binadamu? Nani amezipima mbali na aliyezitengeneza? Na hataza ni ya nani? Mwenye majibu ya hayo manne msikilize. Asiyekuwa nayo, usimpe pesa yako.